Mlango Ukijifunga Nyuma Yako Usiku wa Kuamkia Mkutano

Saa nane usiku mgeni anaamka kwenda msalani. Chumba ni cha hoteli, giza limekolea, na mwili bado unafuata saa za nyumbani. Anashika kitasa cha kwanza kinachogusa mkono wake, anavuta, anapita, na nyuma yake unasikika mlio mfupi wa kufuli. Chini ya nyayo kuna zulia badala ya vigae. Yuko koridoni na nguo ya kulalia, pengine bila hata hiyo, kadi ya mlango imebaki kando ya kitanda, na saa tatu asubuhi anatakiwa awe mbele ya wateja.

Wafanyakazi wa mapokezi wa zamu ya usiku wameliona hili mara nyingi kuliko mgeni anavyodhani. Si lazima pawe na ulevi wala uzembe. Chanzo kimo katika ramani ya chumba. Hoteli nyingi huweka bafu ubavuni mwa mlango mkuu, hatua moja au mbili ukiisha kuingia, kwa sababu mabomba ya vyumba jirani hupitishwa kwenye shimo moja karibu na korido ili fundi ayafikie kwa urahisi. Matokeo yake ni milango miwili iliyokaribiana, yenye vitasa vya kimo kimoja. Mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu baada ya safari ndefu hawezi kuitofautisha kwa kupapasa.

Mlango wa nje nao umetengenezwa ujifunge wenyewe. Ni mlango wa kuzuia moto: kazi yake ni kuuzuia moto na moshi usipite kati ya chumba na korido watu wapate muda wa kutoka, na hauwezi kufanya hivyo ukiwa wazi. Ndiyo maana juu yake kuna mkono wa chuma wenye springi na mafuta, au springi iliyofichwa ndani ya bawaba. Ukiuachia, unarudi. Kufuli hujifunga bila mtu kugeuza chochote. Kutoka ndani kitasa hufungua daima, kutoka nje hakifungui bila kadi. Dirisha likiwa wazi, upepo huusukuma haraka zaidi, na anayetoka kuweka sinia la chakula koridoni au kumwita mwenzake wa chumba cha pili hukuta umeshafunga kabla hajageuka.

Kinga yake huandaliwa kabla ya kulala na haichukui dakika mbili. Washa taa ya bafuni na uache mlango wake nusu wazi, ili mwanga ukuonyeshe uelekeo. Funga komeo la usalama la mlango wa nje. Mkono wenye usingizi ukikutana na chuma, kichwa huamka. Wengine huweka sanduku mbele ya mlango, na hilo sikubaliani nalo hata kidogo: moto ukitokea, kitu kizito ndicho utakachojikwaa nacho gizani. Jozi ya kandambili inatosha kukushtua. Kisha lala na nguo ambayo ungeweza kuonekana nayo mapokezi. Kadi iwe mahali pamoja kila siku, karibu na kichwa, kwa sababu ndipo utakapoitafuta pia king'ora kikilia.

Ukiwa umeshafungiwa nje, kosa la kwanza ambalo watu hulifanya ni kukimbilia ngazi ili wasionekane kwenye lifti. Usifanye hivyo. Milango ya ngazi za dharura hufunguka kwa kusukuma kutoka koridoni, lakini katika majengo mengi ukiisha kuingia kwenye ngazi huwezi kurudi kwenye ghorofa yoyote. Njia inayobaki ni kushuka mpaka chini, na mara nyingi mlango wa mwisho hutokea nje ya jengo, nyuma, kwenye maegesho au karibu na mapipa ya taka. Aliyekuwa na tatizo la kufungiwa nje ya chumba sasa amefungiwa nje ya hoteli.

Nenda kwenye lifti. Karibu nayo hoteli nyingi zina simu ya ndani, yenye namba ya mapokezi imeandikwa juu yake. Piga, taja namba ya chumba, sema: "Nimefungiwa nje, sina kadi, sina nguo za kutosha, naomba mtu apande na joho au taulo." Maneno hayo yanatosha. Ukosefu wa simu ukikukuta, gonga mlango wa jirani mara mbili tu, rudi nyuma hatua mbili ili aweze kukuona kwenye tundu la mlango, na umwombe apige mapokezi bila kufungua. Mtu mwenye busara hatamfungulia mgeni usiku, na humtakii afanye hivyo. Yote hayo yakishindikana, shuka kwa lifti. Zile zinazodai kadi kwa kawaida huidai mtu anapopanda. Kushuka hadi mapokezi ni bure.

Hapo mapokezi ndipo mkwamo wa pili unapoanza. Wataomba kitambulisho, nacho kimo chumbani. Usikasirike. Anayekufungulia bila kukuuliza chochote angemfungulia na mwizi. Utaratibu mzuri ni huu: wanakuuliza mambo yaliyo kwenye kumbukumbu yao, yaani jina kamili, namba ya simu, tarehe ya kuondoka, kampuni iliyolipa, kisha mhudumu anapanda nawe, anafungua kwa kadi yake, anasubiri mlangoni hadi uonyeshe kitambulisho kutoka ndani. Safari za kikazi zina mtego wake hapa. Chumba mara nyingi kimeandikishwa kwa jina la kampuni, au la mwenzako aliyeagiza vyumba vitano kwa pamoja. Jina lako halimo. Saa nane usiku, huku mwenzako amezima simu, hakuna njia ya kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenye chumba. Kwa hiyo unapopokea kadi siku ya kwanza, uliza kwa sauti ya kawaida: "Jina langu limeandikwa kwenye chumba hiki?" Kama halimo, liingizwe palepale.

Kadi yenyewe inahitaji kuelezwa, maana nusu ya fedheha hizi zinatokana nayo. Kadi ya mlango inayobadilishwa kwa kila mgeni ilibuniwa na Tor Sørnes wa Norway miaka ya 1970. Ya mwanzo ilikuwa ya plastiki yenye nafasi za matundu 32. Wazo limebaki lilelile: kila mgeni mpya huja na namba yake, na kufuli likiisha kuiona namba mpya huikataa ya zamani. Watu hudhani mlango umeunganishwa kwa waya na kompyuta ya mapokezi. Sehemu nyingi haujaunganishwa. Kufuli lina betri zake, kwa kawaida nne ndogo za kalamu, na habari zote, namba ya chumba, siku na saa ya mwisho, zimo kwenye kadi. Ndiyo maana mapokezi hawawezi kukufungulia kutoka kwenye meza yao, na ndiyo maana ukiongeza usiku mmoja kwa kuzungumza tu bila kadi kuandikwa upya, itakataa kufungua siku ya pili saa sita mchana ukiwa umerudi kubadili shati.

Kuna aina mbili. Ile yenye mstari mweusi nyuma ni ya sumaku, na mstari wa kadi za hoteli hutengenezwa dhaifu makusudi ili uandikwe upya kila mara. Sumaku ya kifuniko cha simu au ya bizimu ya mkoba huufuta. Mstari wa kadi ya benki una nguvu karibu mara tisa zaidi, ndiyo maana hiyo haifutiki ikikaa mfuko uleule. Aina ya pili haina mstari. Unaigusisha tu kwenye kufuli. Hiyo haifutwi na sumaku, ila ukiigusisha ikiwa imebanwa pamoja na kadi ya kazini au ya benki, kufuli husikia kadi mbili kwa wakati mmoja na hukataa zote. Itoe peke yake. Taa ya kijani ni ruhusa, nyekundu ni kukataa. Taa inayomweka kwa namna ambayo haikuwapo jana mara nyingi ni betri inayokaribia kuisha. Toa taarifa siku hiyohiyo, kwani ikiisha kabisa hata kadi ya mhudumu haifungui na lazima fundi aitwe na kifaa chake.

Omba kadi mbili hata kama uko peke yako. Moja ikae kwenye kile kisanduku cha ukutani kinachowasha umeme, nyingine mfukoni. Mtu mwenye kadi moja huiacha ndani ya kisanduku akitoka kwenda koridoni, na hiyo ni sababu ya kawaida ya kufungiwa nje mchana kweupe. Lakini ukipoteza moja ukaomba nyingine, sema wazi kama unataka nakala au kadi mpya. Nakala huziacha za zamani zikifanya kazi. Kadi mpya huziua zote mara inapofungua mlango, pamoja na ile ya mwenzako mnayelala naye chumba kimoja, ambaye atagundua hilo akirudi usiku.

Upande wa pili wa kosa hili unaumiza zaidi. Mapokezi wakikosea, wanaweza kukupa kadi ya chumba chenye mtu. Taa inawaka kijani, unafungua, na ndani kuna mwanamke amejifunika shuka au baba wa watu anatoka kuoga. Hakuna njia ya kulifanya hilo lisiwe baya, ila lipo la kupunguza. Daima gonga kabla ya kufungua chumba usichowahi kuingia, hata kama umepewa kadi yake. Ukikuta mtu, sema "Samahani, nimepewa kadi ya chumba hiki kimakosa," funga, usiingie hata hatua moja kueleza. Rudi mapokezi na kadi yenyewe uikabidhi, ili yule wa ndani apewe uhakika kwamba haipo tena mkononi mwa mtu. Na wewe ukiwa ndani, komeo la usalama ndilo linalokukinga na kosa hilo.

Sasa shati. Usiku wa kuamkia mkutano kila mtu anashughulika na shati au suti iliyokunjamana sandukuni, na ajali ghali kuliko zote hutokea hapo.

Ile bomba ndogo ya chuma inayochomoza darini au ukutani karibu na kitanda, yenye kichupa chembamba cha kioo katikati, ni kinyunyizio cha kuzima moto. Kinafanana na ndoano kabisa. Watu huning'iniza henga yenye suti pale, kwa sababu ni juu, pamenyooka, na suti haigusi sakafu. Kile kichupa ndicho kizibo. Ndani yake kuna kimiminika kinachotanuka kwa joto. Rangi yake inaonyesha kiwango cha kupasuka: chungwa 57°C, nyekundu 68°C, njano 79°C, kijani 93°C. Kwenye vyumba vya kulala utaona nyekundu zaidi. Kioo hicho hakina namna ya kujua kama kimepasuliwa na moto au na henga. Henga ikiteleza, ikizungushwa, au ikivutwa kwa haraka asubuhi, kinavunjika na maji yanatoka.

Yanatoka kwa wingi, zaidi ya lita 50 kwa dakika, na hakuna koki chumbani ya kuyafunga. Maji ya kwanza ni meusi na yananuka, kwa kuwa yametuama ndani ya bomba la chuma kwa miezi au miaka. Si kweli kwamba vinyunyizio vyote vya hoteli hufunguka pamoja kama inavyodhaniwa. Hufunguka hicho kimoja tu. Kinatosha. Mpaka fundi afike kwenye vali ya ghorofa hiyo, dakika kumi zimepita, nusu tani ya maji imeshamwagika, zulia limelowa hadi koridoni, na dari ya chumba cha chini inavuja.

Likitokea, usipande kitandani kuziba kwa taulo. Msukumo wake hauzuiliki na maji yako karibu na taa. Chukua kompyuta, pasi ya kusafiria na simu kama viko karibu na mkono, usiguse swichi wala soketi, toka, piga mapokezi kutoka koridoni. Sema mambo matatu kwa mfuatano: namba ya chumba, kinyunyizio kimevunjika, hakuna moto. Hilo la tatu ni muhimu, kwa kuwa king'ora kitakuwa kimeshalia na wao wanahitaji kujua wanakabiliana na nini. Hata hivyo ukiagizwa utoke jengoni pamoja na wengine, toka.

Suti itundikwe kwenye fito ya kabati. Kabati likiwa fupi, tumia ukingo wa mlango wa bafuni. Fito ya pazia la kuogea ijaribiwe kwanza kwa mkono, maana nyingine zimebanwa kwa springi tu na haziwezi kubeba koti zito.

Mvuke wa maji ya moto hulainisha sufu na pamba nyepesi kwa dakika kumi na tano, mlango wa bafu ukiwa umefungwa. Ukifungua mlango ghafla, lile wingu huenda moja kwa moja kwenye king'amuzi cha moshi kilichopo nje ya bafu. King'amuzi cha aina ya mwanga hutazama chembe zinazotawanya mwali ndani yake, na matone ya mvuke huutawanya vilevile kama moshi. Zima maji, acha feni ivute dakika tano, ndipo ufungue.

Pasi ya hoteli ichukulie kama pasi usiyoijua. Ndani yake kuna maji ya mgeni aliyetangulia na chokaa ya miezi, na mvuke wa kwanza huweza kumwaga madoa ya kahawia kwenye shati jeupe. Mwaga maji, weka mapya, bonyeza mvuke mara tano juu ya taulo. Tazama sahani yake kama ina nailoni iliyoungua. Kisha soma alama ya shati: nukta moja ni takriban 110°C, mbili 150°C, tatu 200°C. Shati lenye poliesta likipigwa kwa nukta tatu hung'aa au huyeyuka, na hakuna tiba. Anza na sehemu inayofichwa na suruali.

Choo ndicho watu hawapendi kukitaja, na kwa sababu hiyo ndicho kinachoharibu zaidi ya kinavyostahili. Mgeni anaflashi, maji yanapanda badala ya kushuka, anaona aibu, anaflashi tena akitumaini yatasukuma. Hilo la pili ndilo linalofurika. Bakuli lililoziba hubeba tangi moja kwa shida. Tangi la sasa ni lita sita au pungufu, ya zamani hufika tisa na zaidi, na tangi la pili halina pa kwenda ila sakafuni.

Kwa hiyo maji yakipanda, usiguse kitufe. Kama tangi liko nje, ondoa mfuniko wake, inua boya kwa mkono ili maji yaache kuingia, na kifuniko cha mpira cha chini kikiwa wazi kisukume kifunge tundu. Halafu tafuta koki ndogo ukutani karibu na sakafu, uizungushe kulia mpaka ikaze. Tangi likiwa limefichwa ukutani, hakuna cha kufungua; acha tu. Subiri dakika kumi na tano. Mara nyingi kiwango hushuka chenyewe, kwa kuwa kilichoziba ni karatasi inayolowa. Kikishashuka, mimina sabuni ya maji ya kuogea kiasi cha robo kikombe, subiri, kisha maji ya moto ya bomba kutoka kwenye kimo cha kiuno. Yasiwe yaliyochemka, keramiki hupasuka. Kama kuna ndoo ya taka, ndiyo chombo chako cha kumiminia. Vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia havilainiki hata vikiandikwa kwamba vinaruhusiwa, na vikiwa ndivyo vilivyoziba, sabuni haitasaidia.

Piga simu mapema, maji yakiwa bado ndani ya bakuli. Sema: "Choo cha chumba hiki kimeziba, naomba fundi au pampu ya mpira." Hakuna maelezo mengine yanayohitajika na hakuna atakayeyauliza. Ukiletewa pampu ukataka kuitumia mwenyewe, mpira wake uzamishwe wote majini, uzibe tundu kabisa, usukume na kuvuta mara kumi na tano hadi ishirini bila kuuondoa. Kuvuta kunafanya kazi kama kusukuma. Mfanyakazi wa hoteli huliona jambo hili kama dereva anavyoliona tairi lililopungua upepo. Sakafu iliyofurika na kufichwa kwa mataulo hadi asubuhi ni jambo jingine: maji hupenya kwenye viungo vya vigae, dari ya chini inaanza kuweka doa, na swali linabadilika kutoka "nini kimetokea" kuwa "kwa nini hukusema".

Suala la nani analipa hutegemea sana saa ya taarifa yako. Hoteli nyingi huzuia kiasi cha dhamana kwenye kadi ya benki unapoingia na zinaweza kutoza baada ya wewe kuondoka. Piga picha kabla ya kusafishwa na baada yake, saa ikionekana. Omba meneja wa zamu aandike taarifa, nawe upate nakala. Ukiombwa saini, isome: kukiri kwamba tukio limetokea ni sawa, kukubali deni ambalo makadirio yake hayajafanywa si sawa. Waandikie ofisini asubuhi hiyohiyo, mistari minne inatosha, kabla ankara haijawafikia. Kama una bima ya safari, tafuta kifungu cha uharibifu wa mali ya watu wengine. Taarifa kwa kampuni ya bima nayo huwa na muda wa mwisho.

Na unaporudisha kadi siku ya kuondoka, mwambie mtu wa mapokezi yale madogo ambayo hukupata nafasi ya kuyasema: taa ya kufuli inayomweka, pasi inayotema kutu, choo kinachohitaji kuflashiwa mara mbili. Chumba kikiwa kitupu, kati ya saa tano na saa nane mchana, ndipo fundi anapoweza kuingia.